Bomba la Mama Elsie

Mama Elsie wa Werugha ana miaka themanini na tisa, ng'ombe mmoja wa maziwa na ulimi usio na breki. Ukimpita shambani bila salamu, atakuita kwa jina la babako mpaka urudi. Mimi ni Titus, mwenyekiti wa mradi wa maji, na kwa miaka mingi tulikosana kwa jambo moja tu: habari za ndege.

Alidai kwamba wakati wa vita vya Mwingereza, yeye akiwa mtoto, ndege ya kuangusha mabomu ilipotea kwenye ukungu ikiwa mazoezini, ikaanguka kinamasini chini ya shamba lao. Babake, Mwandawiro, akawatoa Wazungu wawili wakiwa hai. Wanajeshi wakaja, wakazoa mabati yote yaliyoonekana, wakamwamuru anyamaze. Vita vilipokwisha akasimulia, na watu wakamwita mwongo mpaka akaingia kaburini.

"Siombi kingine," Mama Elsie alikuwa akiniambia. "Babangu aaminiwe kabla sijafa."

Nilimcheka bila haya. Ndege gani, na mahali penyewe panaitwa Kwa Bomba? Bomba si la maji?

"Mzungu mmoja alikuwa anainyooshea kidole ile ndege akiitaja kwa Kiingereza chao, bomba, bomba," alinijibu. "Ndipo babangu akapaita hivyo. Kichwa ngumu wewe."

Mwaka huu mafundi walikuja kutafuta paipu za zamani ili tuunganishe maji. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikawapeleka Kwa Bomba. Chimbeni hapa, nikawaambia, jina lenyewe linasema. Saa sita mchana sururu ikagonga chuma. Nikaita kijiji kizima kije kuona bomba langu.

Tukaondoa tope. Ilikuwa injini ya ndege, na mapanga yake yamepinda kama majani ya mgomba.

Nilitamani lile shimo linimeze. Mama Elsie akaja na mkongojo wake, akaishika ile injini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nasi tukacheka naye. Nikamwomba radhi.

"Mimi uliniona nimezeeka tu," akasema. "Aliyeitwa mwongo ni babangu. Nenda umwambie mwenyewe."

Nikaenda, tope mpaka magotini, watu wote nyuma yangu. Mbele ya kaburi nikavua kofia.

"Mzee Mwandawiro," nikasema, "ndege ilikuwepo."

"Paza sauti," akasema Mama Elsie. "Alikuwa hasikii vizuri."

Nikarudia, mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia.