Cherehani Isiyo na Uzi

Baba alikuwa fundi cherehani mjini Muyinga, kwenye baraza ya duka karibu na soko. Nilikulia miguuni pake nikiokota vifungo, na mlio wa ile pedeli ndio ulionilaza mchana. Mteja akichelewa kuleta kitambaa cha kanzu, baba alimtania, "We unataka Idi ikungoje?" na kucheka mpaka mabega yakaruka. Natamani kukisikia tena kicheko kile.

Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu. Akishika kitambaa, unatulia. Mama, aliyezaliwa katika ukoo wa mafundi, akakata shauri: "Mukono yake iko inatafuta kazi." Tukamrundikia nguo za kushona. Uso nao ukakauka, haumchekei mtu, na jirani akasema mzee anaringa. Jirani huyo sijamsamehe.

Kisha miguu ikaanza kumgomea. Anataka kutoka, anakwama mlangoni kama aliyepigiliwa misumari. Tulirudisha cherehani nyumbani, hatua chache kutoka sokoni, tukampeleka Gitega kwa daktari, mama mmoja asiye na haraka.

"Donc, basi, ni ugonjwa wa Parkinson," alituambia. "Akili yake iko muzima. Ku bongo kuna chembe zenye kutengeneza kitu cha kupitisha amri ya kutembea. Zile chembe ziko zinakufa polepole, njo amri inachelewa ku njia."

Vidonge vitamsaidia, alisema, ila havitamponya. Baba aliuliza jambo moja tu: siku ya Idi atakwenda msikitini kwa miguu yake?

Asubuhi ya Idi, kanzu imepigwa pasi, takbira zinasikika, akakwama palepale mlangoni. Mama akataka kumvuta mkono, akakataa, machozi yakimlengalenga. Mimi nilishikwa na hasira hata sikujua nimkasirikie nani. Nikaketi kwenye cherehani yake, nikaikanyaga pedeli kwa nguvu.

Mguu wake wa kushoto ukainuka. Wa kulia ukafuata, kwa mwendo uleule wa pedeli. Daktari alikuja kutueleza baadaye kwamba mdundo huipatia amri njia nyingine ya kupita. Wakati ule sisi hatukujua lolote.

"We usiache!" baba alipiga kelele kutoka uani.

Sikuacha. Nilikanyaga cherehani isiyo na uzi mpaka alipopotea kwenye kona ya soko, na hata hapo sikuthubutu kuinua mguu.