Pipa la Buluu

Mvua ilipokaribia, Mama alinunua pipa la buluu sokoni Mukurweini, likaletwa nyumbani kwa bodaboda. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nashinda nikiwaza. Karatasi ya pipa ilikuwa imebanduliwa, ikabaki kona moja yenye nusu ya fuvu la kichwa.

"Mama, hili lilikuwa la dawa ya kahawa."

"Ati nini? Si nitaliosha?"

Akaliosha vile nyanya alivyokuwa akiosha vibuyu vya maziwa. Alitia majivu, kokoto na maji moto, akalibingirisha uani hadi jasho likamtoka, kisha akalianika. Kibuyu kilichosafishwa hivyo hakiharibu maziwa. Lakini kibuyu hakijawahi kubeba sumu. Nililisema hilo mara moja, nikanyamaza; nyumbani kwetu mtu hasemi kwamba majivu hayatoshi.

Mvua ikalijaza. Dada yangu, aliyerudi kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyekunywa maji yake zaidi. Ya mtoni, alisema, yanamtia kichefuchefu.

Jua lilipowaka, nilifunua kifuniko. Harufu ilinipanda puani, hafifu, ile ile ya mashamba siku za kunyunyizia dawa. Chini ya mfereji wa pipa, nyuki waliozoea kunywa matone walikuwa wamelala chali. Niliwahesabu, nikaacha. Nikatazama tumbo la dada.

"Usikunywe tena."

"Wewe msomi, kesho utaniambia hata hewa iko na sumu," akacheka, akajaza kikombe.

Jumapili walipokwenda kanisani niliegemeza bega kwenye pipa, nikalisukuma hadi likaanguka. Maji yalitoka kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nilivuta pumzi yote.

Mama aliporudi aliliangalia pipa, kisha mimi.

"Haya. Sasa tutapikia digrii yako?"

Dada alichukua mtungi, akashika njia ya mtoni.

Nilibaki nikitazama ardhi. Kwetu ni mteremko mtupu. Alama ya maji ilikuwa imepita kati ya mikahawa, ikakata migomba, ikashuka kwenye nduma, majimbi tunayokula, na chini ya nduma ni pale pale mtoni tunapochota maji.

Nilikimbia nikimwita. Nilipofika alikuwa ameinama, kiganja kimoja tayari mdomoni.