Bunduki Iliyoelekea Dirishani

Juzi kwenye televisheni nilimwona askari wa wanyamapori akichungulia ndani ya mtutu wa bunduki, na papo hapo nikasikia tena harufu ya mafuta iliyojaa sebuleni kwetu, mtaa wa Baba Dogo, nilipokuwa mtoto.

Mjomba Kioko alikuwa askari wa namna hiyo. Alipitia kwetu akipeleka kambini bunduki iliyofungwa darubini mpya. Mchana aligombana na Baba juu ya nani atakaa na Nyanya, na Baba akatoka akibamiza mlango. Sasa Mjomba alikuwa ameilaza bunduki mezani juu ya mfuko wa mchele, mdomo ukielekea dirishani. Alichungulia mtutu, akachungulia darubini, akazungusha skrubu kidogo, kisha akarudia. Nje ya dirisha lile ndiko ilikopita njia ya Baba ya kurudi nyumbani.

Nikaenda kusimama mbele ya dirisha.

"Mwende, unanizibia," alisema.

"Anko, unamngoja Baba?"

Alifungua kiganja: kile chuma kinachosukuma risasi alikuwa amekitoa, na bila hicho bunduki hailii. Akaniita nichungulie. Ndani ya mtutu niliona tangi la maji la kiwandani, dogo kama kifungo. Kwenye darubini, tangi lilelile.

"Nalinganisha mtutu na darubini tu. Risasi nitapiga kambini."

Leo najua alisema kweli. Siku ile nilikiomba kile chuma, akanipa bila kucheka. Nilikikalia kwenye kochi mpaka Baba akarudi, akavua viatu, wakaanza kuongea habari za mvua Ukambani.