Ngoma ya Kwenye Kioo

Hadi leo, jirani akichoma makumbi ya nazi, namwona tena bibi ameiinamisha simu ya mjomba juu ya moto, kama alivyozoea kuipasha ngoma yake.

Mjomba alikuwa amerudi likizo kutoka kazini kwake, kule kwenye uzio wa mitambo ya gesi. Kwenye simu ile ukigusa kioo, ngoma inalia na duara la rangi linaruka. Bibi, mpigaji ngoma wa akina mama mtaani kwetu, aliisikiliza akakunja uso.

"Ngozi imelegea. Inataka moto."

"Mama, hiyo haina ngozi," mjomba alisema, akaiwahi kabla haijashika moto.

"Ndiyo maana hailii sawasawa."

Bibi akaleta ngoma yake, akaipasha mpaka ikakaza, kisha akanisimamisha katikati ya ua.

"Mimi napiga. Rangi utakuwa wewe."

Kila alipopiga, niliruka. Nikikosa, alianza upya.