Maji ya Rubisi ya Baba Mkwe

Kisima chetu cha Izigo hakikukaushwa na jua. Kilikaushwa na baba mkwe wangu, na mpaka leo hajakubali. Aliuziba mto kwa vigogo vya migomba na udongo, akaugeuzia kwenye shimo lake la kufyatulia matofali. Wiki haikuisha, ndoo ikawa inapanda tupu. Mimi na mtoto mgongoni tukaanza kupanda mlima kwenda chemchemi, huku nyumbani nepi zimerundikana.

Nilimwambia. Jiografia ya sekondari haijanitoka yote: chini ya shamba lililo kati ya mto na kisima ni changarawe tupu, maji ya mto hupenya humo polepole, na ndiyo tunayoyateka kisimani.

"Mto uko kule, kisima kiko huku," akasema. "Umewahi kuwaona wakitembeleana?"

Nikaiweka hasira yangu akiba. Hasira haiozi.

Ndizi ndizo huoza. Alikuwa ameivisha za kukamulia rubisi, maana wageni wa posa ya wifi yangu walikuwa wanakuja, na pombe ile haikamuliwi bila maji. Akaniagiza maji. Nikaenda shimoni kwake, nikachota ya mto, rangi yake kama chai ya maziwa, nikampigia magoti kama mkamwana mwenye adabu zote, nikamwita Tata, yaani baba.

"Tata, maji haya hapa."

"Hili ni tope. Nataka ya kisima."

"Yana tofauti gani?"

"Ya kisima ni safi. Yamechujwa."

"Yamechujwa na nini, Tata?"

"Na changarawe. Wewe si umesoma?"

"Na kabla ya kuchujwa yalikuwa wapi?"

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi, akajifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika. Baba mkwe akaitazama ndoo, akazitazama ndizi zake zilizokwisha kuwa nyeusi. Akachukua jembe.

"Naenda kufungua mto," akasema. "Ng'ombe wa watu wana kiu."

Ng'ombe. Haya.

Maji hayakurudi siku hiyo. Changarawe haina haraka na mtu. Yalipopanda, nilikuwa wa kwanza kisimani. Nikateka ya kumwogesha mtoto, ya uji, ya nepi. Baba mkwe amesimama nyuma yangu na dumu lake, huko nyumbani nzi wanazisherehekea ndizi.

"Na hiyo ndoo nyingine ni ya nini?"

"Ya kuoga mimi, Tata. Au niwapokee wageni wako nikinuka maziwa?"