Kisanduku cha Nyuma ya Jahazi

Miaka yote Mama alituapia kwamba sisi tulitoka Unguja kwa ndege baada ya mapinduzi. Pale Ibra, mji wa Waarabu tuliohamia, waliokuja kwa ndege wakijisifu, na yeye yumo. Waliotoroka kwa majahazi aliwataja kwa kuwabeza. Na mimi, alisema, nilizaliwa hospitali, mikononi mwa nesi mwenye kofia nyeupe. Nikajaza hivyo kwenye kila fomu.

Miaka ya tisini nikampeleka Sur, mji wa pwani, kutazama makumbusho madogo ya bahari. Hakutaka, nikamlazimisha. Ukutani palikuwa na picha za watu waliovushwa kwa magendo, wamekaa magoti kwa magoti. Mama akazipita mbio, akasimama kwenye jahazi la mfano ndani ya kabati la kioo. Kijana aliyetutembeza akaonyesha kisanduku kilichoning'inia nyuma ya jahazi hilo, hakizidi kibiriti, akasema kilikuwa cha kuwekea samaki.

"Samaki gani!" Mama akamkatiza kwa Kiarabu. "Hicho choo. Wanaume walijaa juu kote, sisi wanawake tungejisitiri wapi?"

Nikamwangalia. Amejuaje?

Akanishika mkono, akanigeukia kwa Kiswahili. "Wewe nilikuzaa humo."

Nikauliza kama mpumbavu, "Na yule nesi?"

"Nesi gani, mwanangu? Nilikuwa peke yangu, na choo chenyewe chini kiko wazi, bahari hiyo. Ulishapita. Nilikudaka mguu."