Nilipoijibia Mashine ya Walikale

Nimelala katika miji mingi tangu niondoke Masisi, na mji hadi mji nimebeba laptop ile ile ambayo bawaba yake nimeifunga kwa waya. Mara nyingine, nikiwa Uvira au Bunia, mtu hunipa programu nimjengee. Kabla ya kujenga, programu huanza kuikagua mashine na kuandika mistari yake kwenye kioo: natafuta hiki, kipo, napima kile, sawa. Hapo moshi wa makaa wa Sake hunirudia puani, na sauti ya mzee mmoja aliyekuwa akikariri maneno polepole kama anayehesabu mayai. Natamani kurudi. Sijarudi.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa na diploma ya sekondari, upande wa elektroniki, na lugha ya C nilijifunza kwa kitabu cha fotokopi kilichokosa kurasa za mwanzo. Mwajiri wangu alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Butembo, mtu wa misa kila Jumapili. Alikuwa na duka Sake, pale njia za Goma, Masisi na Minova zinapokutana, na malori mawili yaliyopanda hadi Walikale na chumvi, sabuni na mabati. Sote tulimwita Patron. Hakumwamini mtu. Dukani kiti chake kiliegemea ukuta, na hata kanisani alikaa benchi la mwisho ili asiwe na mtu nyuma yake.

Malori yaliongozwa kwa foni, redio ile ya kuongelea mbali, yenye antena ya waya iliyotandazwa juu ya miti miwili. Foni ina desturi yake: anayemaliza kusema humwachia mwenzake zamu kwa neno 'kwako', na anayepokea lazima akariri alichosikia, neno kwa neno, ndipo mazungumzo yafungwe. Fonisti wetu wa Walikale alikuwa mzee mmoja, mkulima aliyehamishwa na vita kutoka Kibabi. Kila ujumbe aliukariri mara mbili, kisha akauandika kwenye kaye, daftari lake, kwa kalamu ya bluu, na saa aliyoupokea.

Alikuwa na kazi nyingine, nzito kuliko hiyo. Kabla ya kufika kwake kulikuwa na mto wenye daraja la chuma lisilo na mbao. Mbao zilifichwa kijijini, kwa sababu zikiachwa darajani ziligeuka kuni, au zilivusha watu ambao kijiji hakikutaka wavuke. Lori lilipokaribia, mzee alishuka na wanaume sita, wakapanga mbao, lori likavuka, mbao zikarudi mafichoni. Akichelewa, lori lilisimama ukingoni, msitu huku na msitu huku, likingoja yeyote atakayetokea kwanza.

Ndiyo maana saa ya lori kuondoka kituo cha mwisho kabla ya mto ilikuwa siri. Patron alichukia kuitamka hewani.

"Hii foni iko na masikio mingi kuliko kanisa," aliniambia. "Nitafutie namna."

Nilikuwa na namna. Kwenye flashi yangu nilikuwa na maktaba ndogo ya C, kazi ya mtu nisiyemjua, iliyogeuza namba kuwa milio na milio kuwa namba. Kompyuta ya Sake ingepiga milio ndani ya foni, na kompyuta ya Walikale ingeisikia na kuandika saa kwenye kioo. Patron akaongeza ujanja wake: tusitume saa yenyewe, tutume tofauti tu na saa sita ya asubuhi, kwa saa za Kifaransa, zinazohesabiwa kuanzia katikati ya usiku hadi ishirini na nne. Lori likichelewa saa mbili, tutume mbili. Likiwahi saa mbili, tutume mbili chini ya sifuri.

"Mwenye kusikiliza atasikia nini?" akauliza.

"Atasikia kama ndege wanagombana, Patron."

"Na weye?"

"Mimi niko na programu, nitaelewa."

"Njo hapo naogopa," akasema, wala hakucheka.

Siku ya mwisho ya kutuma saa kwa sauti, mzee wa Walikale aliuliza swali moja. "Patron, sasa nani atakuwa anakariri? Kwako."

"Hakuna kukariri. Ukikariri, unawaambia bale bengine. Mashine inajua kazi yake. Kwako."

Akajibu: "Nimepokea. Nakariri: hakuna kukariri." Dukani tulicheka sana.

Mashine zilikuwa tatu, na hazikufanana. Laptop yangu ilitumia Linux. Kompyuta ya dukani ilikuwa ya Windows. Ya Walikale ilikuwa kibao kidogo kama kipande cha sabuni, kilichoishi kwa betri ya pikipiki na paneli ya jua, na akili yake ilikuwa ya aina inayowekwa ndani ya simu. Maandishi ya C ni yale yale, lakini kila mashine ilihitaji kompilateri yake, yaani programu inayoyageuza maandishi hayo kuwa kitu ambacho mashine hiyo inaweza kukitenda.

Maktaba ile ilikuja na hati ya kupanga ujenzi, na hati hiyo nayo haikuamini kitu. Iliulizia kompilateri, kisha ikaipa kazi ndogo kuona kama kweli inaweza. Ilipima ukubwa wa namba. Nilipoisoma nilishuku aliyeiandika: mtu anayeuliza hivi anatafuta nini? Swali moja lilihusu chumba kidogo kabisa cha kuwekea namba, ambacho C inakiita char: katika mashine hii, je, chumba hicho kinashika namba iliyo chini ya sifuri? Kwenye laptop yangu hati iliandika kipimo kifupi, ikakiendesha, ikajijibu: ndiyo. Kwenye Windows, kwa kompilateri nyingine kabisa, ikajijibu: ndiyo.

Kibao cha Walikale kilikuwa kimeshatangulia ndani ya gunia la chumvi, na barabara ilifungwa nyuma yake. Nilikijengea programu nikiwa Sake, kwa kompilateri inayojua kuijengea mashine isiyokuwepo. Lakini kipimo hakiwezi kuendeshwa kwenye mashine isiyokuwepo. Hati ikasimama, ikataka niandike jibu mwenyewe katika faili: ndiyo, hapana, au sijui. Maelezo yalisema wazi kwamba ukiandika sijui, maktaba itapita njia ndefu kidogo ambayo ni salama kwenye mashine yoyote.

Niliandika ndiyo.

Miaka ile nilikuwa nimeacha kusema sijui. Kwenye bariyeri moja ya kwenda Rubaya, kizuizi cha wenye bunduki, waliwahi kuniuliza kama namfahamu mtu aliyesimama mbele yangu. Nilijibu sijui. Nilipigwa kofi lililonivimbisha sikio wiki nzima, na yule mtu akawekwa pembeni. Toka hapo kila aliyeniuliza kitu nilimpa jibu, na nililitoa haraka.

Motari mmoja, mwendesha pikipiki, ambayo kwetu ni moto, akapeleka flashi. Mzee akachomeka kama nilivyomwelekeza, na ikafanya kazi. Moja, mbili, tatu: malori yetu yalichelewa kila safari, kwa hiyo namba zilikuwa juu ya sifuri kila safari, na kibao kiliandika saa sahihi. Patron alianza hata kunipa mkono asubuhi.

Kisha akasikia uvumi kwamba kuna watu wanaolisubiri lori njiani. Kwa mara ya kwanza akaamua liwahi: liondoke saa nne alfajiri. Tukatuma mbili chini ya sifuri. Lori lilifika mtoni kukiwa kumepambazuka, na hapakuwa na ubao hata mmoja. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Waliotokea hawakuwa na mbao. Walichukua kila kitu, hata viti, na mpakizi wetu wakamvunja mkono.

Hukumu ilikuwa tayari kabla dereva hajamaliza kusimulia. "Yule muzee ameniuzisha," alisema Patron. Nami niliamini. Nani mwingine aliyejua saa? Patron alikuwa anafahamiana na komanda mmoja wa upande ule, na alipanga kumkabidhi mzee kwake. Wote tulijua waliokabidhiwa kwa komanda yule hawakurudi kusimulia. Alichokosa kilikuwa ushahidi, kwa kuwa kijiji kilimpenda mzee.

"Panda moto, uende," akaniambia. "Fungua ile mashine. Uniletee kitu cha kumuonyesha komanda."

Nilipanda pikipiki siku mbili. Kila bariyeri walitazama laptop kuliko walivyonitazama mimi. Mama mmoja aliyeniuzia viazi aliisogeza kando kwa kijiti: "Hiyo kitu usiweke karibu na chakula yangu. Inaita bunduki."

Nilimkuta mzee amekaa mlangoni pa kibanda cha foni, kaye juu ya magoti. Ndani kulikuwa na kifurushi kimefungwa kwa kitenge. Mke wake alikuwa ameshapelekwa kwa ndugu zake.

"Na weye, Papa, mbona haukuenda?" nilimwuliza.

"Nikikimbia watasema njo yeye. Nikibakia watasema njo yeye. Basi nabakia, kivuli iko hapa." Akanifungulia kaye. "Soma."

Kwa kalamu ya bluu, tarehe ya siku ile: imepokelewa, lori kuondoka saa ishirini. Saa ishirini ni saa mbili za usiku.

"Hii umeandika baada ya lori kuibiwa," nikamwambia.

"Niliona ajabu. Patron hatumaka lori usiku. Nilitaka kuuliza. Lakini alikataza kukariri." Alinitazama. "Unaniona niko mwongo? Tuma ile ile tena, hapa mbele yangu."

Niliweka spika ya laptop karibu na maikrofoni ya kibao nikatuma mbili chini ya sifuri, nikiwa na hakika kwamba nitamfedhehesha. Ndege wakagombana. Kwenye laptop yangu: saa nne. Kwenye kibao: saa ishirini.

Nikatuma tena. Ishirini.

Nilijua kabla ya kufungua faili. Kwa akili ya kibao kile, chumba kidogo hakijui chini ya sifuri; mbili ya chini inasomeka mia mbili hamsini na nne. Jumlisha sita, ondoa siku nzima mara kumi, inabaki ishirini. Nikafungua faili hata hivyo. Ile ndiyo yangu ilikuwa pale pale.

"Iko nini?" mzee akauliza.

"Ngoja kidogo, Papa."

Hakuelewa alichokiona, na mimi nilijua hakuelewa. Ningeweza kuandika hapana, kujenga upya kimyakimya, na kurudi Sake nikisema mashine ni nzima. Ningekuwa nimesema kweli. Nilikaa na wazo hilo kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Mzee alikwenda akaniletea maji ya kunawa na kiazi, kama mgeni yeyote, akarudi kukaa karibu na kifurushi chake.

Nikabadilisha jibu, nikajenga upya, nikatuma tena. Kibao kikaandika nne. Ndipo nikamwomba awashe foni, tuongee kwa sauti.

Nilimweleza Patron yote, na kila mwenye foni katika mabonde yale alinisikia. Nilisema kosa ni langu, kwamba niliijibia mashine ambayo sijawahi kuishika.

"Nani alikuambia uandike ndiyo? Kwako."

"Hakuna muntu, Patron. Kwako."

"Muntu haandike ndiyo bure. Nani alikutuma? Kwako."

"Hakuna. Kwako."

"Basi juu ya nini uliandika? Kwako."

Nikajibu kwamba sijui. Kisha Patron akasema mashine zifungwe ndani ya gunia, warudie sauti na kukariri. Akamwita mzee kwenye kipaza sauti ampe ujumbe wa mwisho.

Mzee alisikiliza amesimama. Alipomaliza kusikiliza alinitazama, nikainua kichwa kumwonyesha kwamba nami nimesikia, kwamba si lazima akariri. Lakini desturi ni desturi. Akavuta pumzi, akabonyeza kitufe, akageukia ukuta.

"Nimepokea. Nakariri. Fonisti hana kosa, aendelee na kazi yake na mbao zake. Yule fundi asiguse tena kitu ya Patron. Asipande lori ya Patron. Asirudi Sake. Akirudi, Patron atamupeana kwa komanda." Akakariri mara ya pili, polepole zaidi, mpaka lile neno la komanda. "Kwako."

"Ni sawa," ikajibu Sake, na foni ikafungwa.

Aliandika kwenye kaye, akaandika saa. Kisha akafungua kile kifurushi, akatoa shati lake moja na kunipa, kwa kuwa langu lilikuwa limelowa jasho. Jua lilikuwa bado juu. Sake ilikuwa upande wa mawio. Nikashika njia ya upande wa pili.